Meko ya Mwili: Hotuba Juu ya Afya na Uzee



Mtu akisimama ufukweni Kashikishi au Nchelenge wakati wa alfajiri, mgongo wake ukielekea bara ambako jua litachomoza, na maji ya Mweru yakiwa bado meusi mbele yake, huona vyombo vikirudi na taa zao kutoka katika uvuvi wa chisense, wale samaki wadogo ambao watu wa pwani wangewaita dagaa. Miongoni mwa wanaoshuka na kuvuta chombo mchangani hawakosekani wazee. Yuko mmoja aliyepita miaka sabini, mgongo umenyooka, akishika kamba huvuta pamoja na wenzake. Na nyumba ya tatu kutoka hapo yuko mtu wa rika lake, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, ambaye hatoki kitandani ila kwa kushikwa mkono. Watu wakiulizwa sababu, aghalabu husema ni bahati, au ni ukoo, au ni jicho la mtu. Haimfai mwenye akili kukomea hapo. Umri una Mwenyewe aliyeukadiria, wala hakuna hotuba itakayouongeza siku moja; ila namna mtu anavyouishi umri huo, kwa nguvu au kwa unyonge, ina sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zimeanza kujulikana. Moja kati ya zilizo kubwa imo ndani ya kitu kidogo mno.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ziitwazo seli, ambazo jicho tupu haliwezi kuziona. Ndani ya karibu kila seli mna vyombo vidogo zaidi, vyenye sura ya punje na nyuzi. Mtaalamu wa Kijerumani, Richard Altmann, alivieleza mwaka 1890, na Mjerumani mwenziwe, Carl Benda, akavipa jina mwaka 1898 kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake uzi na la pili maana yake punje. Jina hilo ndilo mitokondria. Kwa lugha ya nyumbani yafaa kuviita meko ya mwili, kwa kuwa kazi yake ni ya meko: chakula alichokula mtu hukutana humo na hewa ya oksijeni aliyoivuta, nacho huunguzwa polepole pasipo ndimi za moto, ikapatikana nguvu ya kuinua mkono, ya kupiga moyo, ya kufikiri. Seli moja ya ini yaweza kuwa na meko elfu moja na zaidi. Seli nyekundu za damu zilizokomaa hazina hata moja. Kazi yake ni kubeba oksijeni kuwapelekea wenye meko, kama mchukuzi apitaye na mzigo wa kuni asiokuwa nao mwenyewe haja.

Jinsi nguvu hiyo inavyopatikana ilielezwa na Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961, na baada ya kubishiwa miaka mingi akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1978. Alisema kwamba ndani ya jiko mna ukuta mwembamba. Chembe za haidrojeni husukumwa upande mmoja wa ukuta hata zikasongamana, kisha hurudi kwa kishindo kupitia malango madogo, na nguvu ya kurudi kwake ndiyo inayofanya kazi. Aliyewahi kusimama mbele ya maporomoko ya Lumangwe, mahali mto Kalungwishi unapojitupa chini kabla haujafika Mweru, hahitaji maelezo marefu juu ya maji yaliyoinuliwa na nguvu yaliyo nayo yakishuka.

Meko hayo yana jambo jingine la ajabu. Yana maandiko yake yenyewe ya urithi, mbali na yale yaliyomo katika kiini cha seli. Ni mafupi: jeni 37 tu, ambazo zilisomwa zote huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1981. Mwanamke mtaalamu wa Marekani, Lynn Margulis, alitoa hoja mwaka 1967 kwamba hapo zamani za kale meko hayo yalikuwa viumbe vyenye kujitegemea, jamaa ya bakteria, vikaingia ndani ya seli nyingine vikafanya maskani humo. Kwanza hoja yake ilidharauliwa, kisha ikakubaliwa. Tena urithi huo hupokewa kwa mama. Mtoto wa kiume hupewa meko na mama yake naye hamwachii mwanawe. Mtoto wa kike hupewa, naye huwapa wanawe wote. Watu wengi wa Luapula, ambao tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, huenda wasistaajabu sana.

Lakini jeni 37 haziwezi kujenga jiko zima. Jiko lahitaji protini za aina elfu moja na zaidi, na katika hizo ni 13 tu zinazotoka katika maandiko yake mwenyewe. Zilizobaki zote huagizwa kutoka katika kiini cha seli, zikasafirishwa, zikapenyezwa mlangoni, zikakunjwa ndani. Ni nyumba mbili zilizooana, na ndoa yao ikiingia mgogoro ndipo dhiki inapoanza.

Neno hili la kukunjwa wavuvi wanalifahamu. Wavu uliokunjwa vibaya ndani ya mtumbwi haushuki majini. Hujifunga, ukakamata na nyavu nyingine, na usiku mzima ukapotea kwa kufungua mafundo. Protini nayo hutengenezwa kama uzi mrefu, na haifai kwa lolote mpaka ikunjwe kwa umbo lake. Isipokunjwa sawasawa hugandamana na nyingine, ikawa takataka yenye madhara. Kwa hiyo seli zote zina protini za ulezi, ambazo kazi yake ni kuzishika nyingine mkono mpaka zikunjike. Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa aliona kwamba seli za inzi wadogo wa matunda zikipatwa na joto la ghafula huamsha jeni fulani ambazo zilikuwa zimelala. Baadaye ikafahamika kwamba jeni hizo zilikuwa zikiwaita walezi hao waje kuokoa. Kisha Nicholas Hoogenraad na wenzake huko Melbourne, Australia, katika kazi zilizotolewa mwaka 1996 na 2002, walionyesha kwamba meko ya seli yana mwito wake mahususi: protini zikiharibika ndani ya jiko, habari hufika mpaka kwenye kiini, na kiini hutuma walezi wa jiko hilo wala si wa mahali pengine.

Habari hiyo hufikaje? Mwaka 2012 Cole Haynes na wenzake, Marekani, waliifumbua kwa mnyoo mdogo wa udongoni, na jibu lake linapendeza kwa wepesi wake. Iko protini moja ambayo siku zote hutengenezwa, ikapelekwa jikoni, ikaingia mlangoni, na humo ikavunjwa. Kila siku hivyo. Mtu angedhani ni kazi bure. Lakini siku jiko likiwa katika dhiki, mlango wake haupitishi vizuri. Protini ile hukosa njia ya kuingia, nayo ikageuka ikaenda kwenye kiini kupiga mbiu. Ni kama mtoto anayetumwa kila asubuhi kupeleka chungu kwa bibi yake. Asubuhi moja akakuta mlango umefungwa, basi badala ya kurudi kucheza hukimbia kwa mzee wa kijiji, na kukimbia kwake ndiko habari yenyewe.

Mnyoo huyo hazidi urefu wa milimita moja, na maisha yake ni kama wiki mbili au tatu, kwa hiyo mtu aweza kutazama utoto wake na uzee wake kabla ya mwezi kwisha. Mwaka 2002 Andrew Dillin na wenzake walidhoofisha kidogo meko ya minyoo hiyo, wakitarajia ife mapema. Badala yake iliishi zaidi ya minyoo mizima. Tena ilionekana kwamba dhiki ile ilisaidia tu ikianza mnyoo ungali mchanga. Iliyotiwa dhiki baada ya kukomaa haikupata faida. Mwaka 2011 wakaonyesha jambo la tatu: meko ya mishipa ya fahamu peke yake yakitiwa dhiki, meko ya utumbo, ambayo hayakuguswa, nayo hujilinda. Mwili mzima husikia mbiu iliyopigwa mahali pamoja.

Lakini habari hii ina nusu ya pili, na wauzaji wa dawa za ujana hawaitaji. Wataalamu walipozidisha dhiki kwa minyoo ile ile, kidogo kidogo, umri uliongezeka hata kufika mpaka fulani. Na walipouvuka mpaka huo, umri ulipungua, na minyoo ikadumaa na kufa. Hata mbiu yenyewe ikipigwa pasipo kukoma huleta hasara. Mwaka 2016 ilionekana katika minyoo kwamba ulinzi huo ukiwaka daima huweza kuyahifadhi na kuyazidisha hata meko yaliyo mabovu, ambayo yalistahili kuondolewa. Kwani seli ina desturi ya kuvunja jiko lililoharibika na kutumia vipande vyake upya, kama mtumbwi uliooza unavyopasuliwa ukawa kuni. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli inavyokula sehemu zake zilizochakaa. Na kuna watu ambao jeni za kazi hiyo, hasa mbili ziitwazo PINK1 na Parkin, zimezaliwa na hitilafu. Hao hupata mapema ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, ambao wengine huupata uzeeni.

Basi jambo lote liko katika kadiri. Dhiki ndogo, yenye mwanzo na mwisho, huliamsha jiko likajitengeneza. Dhiki kubwa, au ndogo isiyokoma, hulivunja.

Hapo zamani si hivyo watu walivyodhani. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa rai kwamba uzee hutokana na moshi wa meko hayo, yaani chembe kali za oksijeni zinazotoka wakati wa kuunguza chakula, na mwaka 1972 akayataja mitokondria kwa jina kuwa ndiyo chanzo. Ilikuwa rai nzuri, na si ya uongo wote. Moshi huo kweli huunguza. Ikafuata biashara. Watu wakaambiwa wameze vidonge vya vitamini kwa wingi ili wauzime moshi wasizeeke. Mwaka 2009 Mjerumani Michael Ristow na wenzake waliwachukua vijana wapatao 40 wakawafanyisha mazoezi kwa wiki nne. Nusu walipewa kila siku vidonge vya vitamini C na E kwa kiasi kikubwa, nusu hawakupewa. Wale wasiomeza kitu miili yao ilizidi kuitumia sukari vizuri kwa sababu ya mazoezi. Wale waliomeza hawakupata faida hiyo. Moshi mdogo wa kazi ulikuwa ndio ujumbe uliolitaka jiko lijiimarishe, na vidonge viliuzima ujumbe pamoja na moshi. Ni haki kusema kwamba wataalamu wengine waliojaribu baadaye hawakupata sawasawa na yeye. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba vidonge hivyo huurudisha ujana. Anayeviuza katika soko la Kashikishi kwa sifa hiyo anauza sifa. Kuhusu machungwa na mboga hakuna ubishi; hivyo na viliwe.

Kinachojulikana kwa yakini kuwa huongeza meko ni kazi ya viungo. Mwaka 1967 Mmarekani John Holloszy aliwakimbiza panya kwa wiki kadhaa akakuta nguvu ya meko katika misuli yao imekuwa kama mara mbili, na tangu hapo jambo hilo limethibitishwa kwa wanadamu, hata kwa wazee. Yule mzee avutaye kamba alfajiri, pamoja na yote asiyo nayo, hiyo anayo. Kila siku huyachosha meko yake kwa saa chache, kisha huyapumzisha, nayo yakapumzika yakiwa yamesikia. Wala si vema kusifu umaskini kwa ajili hiyo, kama wafanyavyo wengine wenye magari. Mvuvi hupiga kasia kwa kuwa hana mashine, na akipata mashine ni haki yake kuifurahia; ila atazame asije akaacha kutembea kwa miguu siku ile ile aliyoacha kasia. Na mzee ambaye watoto wake, kwa heshima, humwondolea kila kazi mkononi, hata ya kuchota ndoo ya maji au kupalilia bustani, amefanyiwa heshima yenye sumu kidogo ndani yake.

Wengi huuliza kuhusu saumu. Kwamba mwili ukikaa na njaa kwa muda hugeuka kuunguza mafuta yake na kuanza kusafisha seli, hilo limeonekana. Clive McCay, wa Marekani, alionyesha mwaka 1935 kwamba panya wanaolishwa kidogo huishi zaidi. Lakini kwa nyani uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2009 uliona faida ya umri, na mwingine wa mwaka 2012 haukuiona. Mwenye kufunga hafungi kwa ajili ya mitokondria, na ibada haikungoja kuthibitishwa na panya. La kusisitiza hapa ni moja tu: mgonjwa wa kisukari, mjamzito aliyedhoofika, na mzee ambaye jiko lake limebakiwa na makaa machache, wote wana ruhusa inayojulikana, na kuikataa ruhusa ni kuivuka kadiri ile iliyotajwa.

Sasa ni upande wa dhiki kubwa, na huku ndiko watu wa Mweru wanakopaswa kutega sikio zaidi.

Wako watu kando ya ziwa hili, kama katika Zambia nzima, walioinuliwa kutoka kaburini na dawa za ukimwi tangu zilipoanza kutolewa bure miaka ya 2004 na 2005. Katika dawa za mwanzo ilikuwamo moja iitwayo stavudini. Iliokoa maisha ya wengi. Lakini ilizuia meko ya seli yasiweze kunakili yale maandiko yake 37, na polepole meko yakapungua: mashavu yakabonyea, nyayo zikawaka moto usiku, na wachache damu yao ikajaa tindikali wakafa. Jirani waliyaona mashavu yale wakanong'ona, kumbe yalikuwa jeraha la meko. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iachwe pole pole, na zinazotumika leo ni nyingine, zenye upole mkubwa kwa meko. Asitokee mtu akatumia habari hii kuwa udhuru wa kuacha dawa zake.

La pili ni muhogo. Ugali wa muhogo ndio chakula cha Luapula, na katapa, yaani kisamvu, ndiyo mboga yake. Muhogo ni rafiki wa kweli: huvumilia ukame, hungoja ardhini mpaka uhitajiwe, haudai mbolea. Lakini muhogo mchungu umebeba sumu ya sianidi iliyofichwa, ambayo huachiliwa mzizi ukikatwa au ukisagwa. Na sianidi haina adui mwingine mwilini kuliko jiko. Hushika mahali pale hasa ambapo oksijeni hutumika, pa mwisho katika ule ukuta mwembamba, ikapaziba. Oksijeni imo katika damu na jiko haliwezi kuitumia. Ni kama mtu anayekufa kiu ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa, mikono imefungwa.

Ukizidi sana kwa mara moja, mtu hufa. Ukiwa mdogo na ukaja kila siku kwa wiki nyingi, wakati mwili hauna protini za kutosha, hutokea ugonjwa uitwao konzo. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, na jina lenyewe ni la lugha ya Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, huamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa, na haitalegea tena maisha yake. Hauongezeki, wala hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, ulipata watu zaidi ya elfu moja wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, Tanzania. Mwaka 2002 na 2003 Mtwara. Na hapa Zambia kwenyewe umeripotiwa katika Jimbo la Magharibi. Jinsi sumu hiyo inavyoichagua mishipa ya miguu bado inachunguzwa, lakini uhusiano wake na muhogo usiotengenezwa vema hauna mashaka.

Mwili haukuachwa bila ulinzi. Ndani ya meko yale yale mna kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huishika sianidi, kikaiunga na salfa, ikawa kitu chenye madhara madogo kinachotoka kwa mkojo. Lakini salfa hiyo lazima itoke mahali, nayo hutoka katika protini za chakula: samaki, nyama, mayai, maziwa, na kwa kiasi kidogo maharagwe. Hapo mtu aweza kuona hekima ya sahani ya Mweru, ugali wa muhogo na samaki pembeni. Samaki yule si kitoweo cha kuteremshia tonge tu. Amekuja na silaha ya jiko dhidi ya kile kilichomo katika tonge.

Basi na itazamwe kalenda. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa upande wa Zambia ili samaki wazae. Ni amri ya haki, na asiyeitaka na amkumbuke mpumbu, samaki ambaye wazee waliwajua kwa wingi mkubwa katika ziwa hili na mto Luapula, na ambaye katika karne iliyopita alivuliwa akipanda mtoni kutaga mpaka akakaribia kutoweka. Lakini miezi hiyo mitatu ndiyo ya mvua kubwa. Jua la kuanikia halipatikani. Chakula ghalani kimepungua, na mama mwenye watoto wanaolia hushawishika kuutoa muhogo majini siku ya pili badala ya ya nne. Hivyo mambo mawili hukutana katika mwezi mmoja na nyumba moja: sumu huongezeka katika unga, na salfa hupungua katika mchuzi. Na katika nyumba nyingi kile kipande cha samaki kilichopatikana hupelekwa kwenye sinia la wanaume, watoto na mama zao wakachovya mchuzi. Ni desturi ya heshima, na yafaa iangaliwe upya, kwa sababu wale wanaochovya mchuzi ndio wale ambao konzo huwachagua.

Wazee wa kike wa Luapula wanaujua muhogo kuliko mtaalamu yeyote. Wameurithi ujuzi wa kuuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike na kutoa harufu yake, na zaidi ya hapo katika baridi ya Juni na Julai wakati maji yanapochelewa kuutengeneza. Kisha kuumenya, kuuvunja, kuuanika. Sianidi karibu yote huenda na maji hayo. Kukata makopa na kuyaanika juani tu pasipo kuloweka hakutoshi kwa muhogo mchungu, na hilo ndilo kosa lililowaponza wengine. Katapa nayo na itwangwe hasa, kisha ichemshwe pasipo haraka. Kutwanga kunaifungua sumu na mvuke huichukua. Kijana aliyesoma akimcheka bibi yake kwa kungoja siku nne, amecheka elimu.

Tena iko njia ya kuurekebisha unga uliokwisha kusagwa, kwa mwenye kuununua sokoni pasipo kujua ulilowekwa siku ngapi. Ilitengenezwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imetumika vijijini huko Kongo katika kuzuia konzo. Unga hutiwa katika bakuli, ukawekewa alama unapofikia. Hutiwa maji kidogo kidogo huku ukikorogwa. Kwanza hushuka, kisha hupanda tena mpaka kwenye alama ile, hapo maji yanatosha. Ule unga uliolowa hutandazwa juu ya mkeka au turubai, unene wake usizidi upana wa kidole kidogo cha mkono, ukaachwa saa mbili juani, au saa tano kivulini siku za mvua. Sumu huondoka hewani kwa muda huo. Hakuna dawa ya kununua, wala chombo kigeni, na ladha haiharibiki. Baada ya saa hizo unga usilazwe. Upikwe ugali siku ile ile.